Ndege ya Wanamaji Iliyooshwa kwa Majivu

Wiki hii mafundi wanapaka rangi madirisha ya bweni letu hapa Bukoba, na harufu ya rangi ya mafuta imeingia mpaka kwenye mashuka. Wenzangu wanalalamika kwamba vichwa vinawauma. Mimi nainusa kama mtu anayenusa ndizi zinazoiva, kwa sababu inanirudisha nyumbani Muleba, sebuleni kwa Bibi, kwenye ndege yangu ya kivita.

Najua mnashangaa: msichana na ndege ya kivita wapi na wapi? Nilikuwa darasa la nne. Wageni kutoka Ulaya walitembelea usharika wetu wakawagawia watoto zawadi. Wanasesere waliisha kabla ya kunifikia, maana nilikuwa nyuma ya mstari, nyuma ya kila mtu, kama kawaida yangu. Nikapewa boksi lililobaki. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya ndege ndogo ya wanamaji, ya zile zilizokuwa zikiruka kutoka juu ya meli wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Nilipomaliza kuviunganisha kwa gundi, mbawa zake ziliweza kukunjwa mgongoni kama za senene. Nikaipaka buluu, rangi iliyobaki Baba alipokuwa akipaka mtumbwi wake kule bandarini Kemondo. Nilipaka nikarudia, nikapaka nikarudia, hadi ikang'aa. Nilitaka mtu mmoja tu aione.

Baba, ambaye kwa Kihaya chetu namwita Tata, ni mvuvi wa dagaa kisiwani Goziba. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, na ndipo yeye huja nyumbani. Alipoingia nilipiga magoti, nikamwamkia, maneno yangu yakaishia hapo. Kusema kweli nilimwonea haya kama mgeni. Nikamsogezea ndege mezani, nikakimbilia jikoni.

Akaniita. Nilimkuta akiigeuzageuza.

"Imependeza," akasema. "Ila hii haijawahi kwenda kazini. Imekaa kama bwana harusi."

Akachota masizi ya sufuria kwa kidole, akayapaka nyuma ya injini. "Moshi hupitia hapa." Akachovya kitambaa kwenye maji ya kahawa, akachafua tumbo la ndege. "Hapa oili huvuja, hata ufunge vipi." Kisha akachukua penseli yangu, akasugua bawa la kushoto, karibu na kiti cha rubani, mpaka pakawa kama bati lililochubuka. "Na hapa ndipo mwenye chombo hukanyaga akipanda. Rangi ya hapo haidumu."

Mimi niliona kazi yangu inakufa. Nikaangua kilio.

"Tata, umeiharibu!"

Akaweka penseli chini, akafuta vidole kwenye suruali. Mpaka mbalamwezi ilipopungua naye akarudi Goziba, hakuigusa tena.

Ndege ikabaki mezani na uchafu wake. Kidogo kidogo nikaanza kuitazama kwa kuibia. Ile ya mwanzo ilikuwa kitu cha dukani. Hii ilionekana imetoka mahali, imechoka, imefika. Nikaanza kumngoja Baba nimwambie kwamba naipenda. Bahati nzuri, mbalamwezi iliyofuata iliangukia Krismasi.

Sasa, kwetu Krismasi ikikaribia, nyumba husafishwa hadi pembe za mwisho, kisha sakafuni hutandazwa nyasi mbichi. Chenye masizi hakina ruhusa ya kubaki sebuleni. Nilikuwa nimetumwa kukata nyasi. Niliporudi, ndege ilikuwa juu ya kitambaa cha kufuma, inang'aa.

"Nimekuoshea ndege yako, waitu," Bibi akasema kwa furaha. "Nimeisugua kwa majivu. Wageni wangetucheka!"

Rangi ya mtumbwi ilikuwa palepale. Kila alichoweka Baba kilikuwa kimekwenda na maji.

Nilisimama na mzigo wa nyasi kichwani. Kesho Baba angeingia, angeona, na angeamini kwamba nimemfuta. Ningemweleza vipi, mimi niliyeshindwa hata kumwuliza kama amekula?

Nikaenda jikoni, nikachota masizi. Moshi hupitia hapa. Oili huvuja hapa. Nilishangaa vidole vinajua. Bibi akapita.

"Yaa maawe! Mimi naosha, yeye anachafua!"

"Ni kazi ya Tata," nikasema.

Akanitazama kidogo, akaenda zake. Akarudi na penseli, ameninolea kwa kisu cha kumenyea ndizi.

Baba alifika na harufu yake ya dagaa. Kabla ya kukaa akaichukua ndege, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hii si kazi yangu," akasema. "Mimi nilichubua kushoto. Hapa pamechubuliwa kulia."

"Bibi aliiosha. Nikairudishia." Halafu, sijui ujasiri ulitoka wapi, nikaongeza, "Mimi ningepandia kulia."

Baba akacheka hadi akakaa juu ya nyasi. "Haya, mwenzangu wa kulia," akasema, "njoo basi unionyeshe."

Sasa niko kidato cha tatu, na ndipo nimeelewa. Siku ile nilidhani ananifundisha mambo ya ndege. Ndege angeijulia wapi, mtu ambaye hajawahi kuipanda? Ule moshi ulikuwa wa injini ya mtumbwi wake. Ile oili ndiyo inayomlowesha suruali. Na pale palipochubuka ni ubavuni mwa mtumbwi, anapokanyaga kila jioni giza likianza. Alikuwa mwenye haya kama mimi, akinisimulia siku zake kwa njia aliyoiweza, nami nikalia.

Siku hizi akirudi, kabla sijamwuliza habari za ziwa, namshika mikono na kutazama viganja kwanza.