Walisema Wamekuja Kutulinda

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Ilikuwa asubuhi, pale Ukunda, nami nimekaa kwenye benchi katika ofisi ya serikali, naandikisha maelezo mbele ya afisa. Aliniuliza maswali mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika, na katika maswali yote yale hakuna hata moja lililomhusu Fundi Bakari.

Nakueleza haya kwa sababu juzi redio iliposema serikali itazifunga tovuti za kamari za nje, nilikuona umefurahi. Ukasema, "Afadhali, shangazi, sasa wanatujali." Siku ile tulikuwa na wageni. Leo hatuna wageni, basi kaa unisikilize.

Ujana wangu niliufanyia kazi katika hoteli moja ya Diani. Nilikuwa mpokea simu. Fundi Bakari alikuwa fundi cherehani wa hoteli hiyohiyo; mapazia, vitambaa vya meza, sare zetu, vyote vilipita mikononi mwake. Alikuwa mtu wa Msambweni kama mimi, mpole, mwenye kucheka bila sauti, na aliniita mwanangu kama ninavyokuita wewe. Zilipotokea zile fujo za mwaka wa tisini na saba, watalii walikatika na hoteli ikatuachisha kazi, mimi na yeye na wengine wengi. Badala ya kiinua mgongo, yeye alipewa ile cherehani aliyokuwa akiitumia. Akaiweka barazani kwa ndugu yake hapo Ukunda, akawa anashona nguo za shule na madera. Hakutajirika, lakini nyumbani kwake walikula.

Mimi sikuwa na cherehani. Nilikaa bure miezi mingi, hadi alipokuja mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Karlo. Alikodi chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akaleta kompyuta na kuiunga kwenye waya wa simu. Wakati huo wengi wetu hatukuwahi kuiona intaneti. Kupitia kompyuta ile mtu angeweza kubashiri mechi za Ulaya kwa kampuni iliyokuwa kisiwani huko mbali, kisiwa ambacho mpaka leo sikijui kilipo. Bwana Karlo alitaka mtu anayejua Kiingereza, anayejua simu, na anayejulikana na watu. Akanichukua mimi.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, na sitalificha. Watu hawakumwamini mzungu, waliniamini mimi. Mtu akisita mlangoni, nilimwamkia, nikamuuliza hali ya nyumbani, nikamkaribisha kiti. Nilimwandikia karatasi yake kwa mwandiko mzuri, kisha nikabofya, na kile alichokuwa nacho mkononi kikaenda zake ng'ambo. Wapishi, walinzi, wavuvi wa Gazi, wote walipita mbele ya meza yangu.

Ilipofika Kombe la Dunia, mwaka uliofuata zile fujo, Fundi Bakari naye akaja. Alikuwa amekwisha kuja mara mbili tatu kwa vijisenti. Safari hii alikuja na pesa nzima, zimefungwa kwenye leso. Nilimwuliza amezipata wapi. Akaniambia ameiuza cherehani.

"Fundi, na Bi Mwanasha anajua?" nikamwuliza. Bi Mwanasha ni mkewe.

"Atajua nikishinda," akasema. "Niandikie, mwanangu."

Nikamwandikia. Ningeweza kumwambia mashine imeharibika, au mzungu hayupo, au arudi kesho. Nilimwandikia mechi nne, zote kwenye karatasi moja.

Akashinda. Nakwambia alishinda zote nne, na pesa alizostahili zingemnunulia cherehani tano na kumwezekea nyumba. Alikuja akalia mbele yangu, nami nikalia naye. Nikatuma madai yake kwa kampuni. Jibu lilirudi siku ya tatu: alete pasipoti, alete ankara ya umeme yenye jina lake, alete na namba ya akaunti ya benki. Fundi Bakari alikuwa akitumia taa ya mafuta. Nikawaandikia hivyo, kwa adabu. Wakajibu kwamba dai limefutwa, na hawakujibu tena.

Bwana Karlo alipoulizwa alisema hizo ni sheria za kampuni, yeye ni wakala tu.

Bi Mwanasha aliichukua karatasi ile akaipeleka serikalini. Alikwenda mara tatu kwa miguu, na mara zote tatu aliambiwa maneno mamoja: kampuni haiko nchini, hatuna la kufanya, na isitoshe mumeo ni mtu mzima, nani alimlazimisha.

Basi miezi ikapita. Siku moja likaja gari la serikali na askari. Wakafunga chumba, wakabeba kompyuta, wakabeba sanduku la pesa na majalada yangu yote. Mkubwa wao akasimama penye ngazi ya duka akawahutubia watu. Alisema wageni wanawanyonya vijana wetu, kamari inavunja nyumba, na serikali haiwezi kukaa kimya mama zetu wakilia. Watu wakapiga makofi. Hata mimi, niliyekuwa nimeshikwa mkono na askari, nilisema moyoni kwamba huyu mtu anasema kweli.

Kule ofisini ndipo nilipofunguka macho. Afisa aliyeniandika alikuwa mtu wa bara, mwenye haraka.

"Pesa inapitia benki gani?" akauliza. "Kwa wiki inatoka ngapi? Huyu mzungu alikuwa na leseni? Kodi alilipa kwa nani?"

Nilijibu niliyoyajua. Kisha nikamwambia, "Afande, kuna mzee mmoja amedhulumiwa, jina lake Fundi Bakari. Majalada yake mnayo hapo. Kwa heshima yako, naomba umsikilize."

Hakuinua hata kichwa. "Hiyo ni maneno ya nyumbani. Mimi nauliza pesa inaenda wapi."

Na Fundi Bakari mwenyewe alikuwa nje, mwanangu. Amevaa kanzu safi, amekuja na karatasi yake, kwa sababu amesikia serikali imeingilia kati na sasa atapata haki yake. Waliipokea ile karatasi. Wakasema ni kidhibiti cha kesi. Hakurudishiwa. Bwana Karlo alitozwa faini akapanda ndege, lile sanduku likabaki serikalini, na katika sanduku lile lilikuwamo jasho la watu wa Ukunda. Hakuna aliyeitwa kuchukua chake.

Haikupita robo mwaka, chumba kilekile kikafunguliwa tena. Benchi zilezile, ubao uleule wa kuandikia mechi. Tofauti ilikuwa moja: mwenyewe sasa alikuwa tajiri wa hapahapa nchini, na ukutani palitundikwa leseni ndani ya fremu ya kioo. Yule mkubwa aliyehutubia penye ngazi alikuja, akaisoma leseni, akatingisha kichwa kuridhika, akanywa soda akaenda zake. Nyumba za watu zikaendelea kuvunjika, ila sasa zilivunjika kihalali.

Nilikasirika sana. Lakini tajiri aliponiita nirudi mezani kwangu, nilirudi.

Wiki ile ya kwanza Bi Mwanasha aliingia. Hakupiga kelele. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba." Nikaanza kumweleza jinsi serikali ilivyotudanganya, jinsi walivyotaka kodi yao tu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli, Riziki," akasema. "Wao walitaka kodi. Mzungu alitaka faida. Na wewe ulitaka mshahara. Mume wangu alipokuja na leso yake, ni nani kati yenu aliyemtaka yeye?"

Sitakudanganya kwamba niliondoka siku ileile. Nilikaa wiki mbili zaidi, nikitafuta kisingizio, kisha nikaacha, nikaenda kuuza maandazi. Fundi Bakari alishona kwenye mashine za watu wengine mpaka macho yakamshinda. Nilipokwenda kumtaka radhi alinipa mkono, akaniambia ameshanisamehe, akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Serikali ina haki ya kutoza kodi, na kampuni isiyo na mlango wa kugonga ni hatari kweli. Fundi Bakari aliliona hilo kwa macho yake. Wakizifunga tovuti hizo, sisemi wamekosea. Lakini usiite mapenzi kitu ambacho si mapenzi. Ukisikia wamefunga kamari ya nje ili wakulinde, tazama kama ya ndani wameiacha wazi. Uliza pesa walizozikamata zimekwenda kwa nani. Uliza kama aliyedhulumiwa ameitwa hata mara moja akasikilizwa. Ukiona hakuitwa, basi waliolindwa si nyinyi. Usipige makofi.

Na kabla hujawauliza wao, jiulize wewe. Ile simu yako najua ina nini ndani. Na ukipewa kazi ambayo thamani yako ni kuaminiwa na watu, angalia unawaongoza kwenda wapi.

Mwenyezi Mungu akukinge na wanaokuchuma kwa jina la kukuhifadhi, akupe kazi ya halali isiyomliza mtu, na akujaalie ulimi wa kusema "rudi nyumbani" siku mwenzako atakapokuja mbele yako na alichonacho. Amin.