Ngazi ya Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku ya tatu tangu dada yako Ngoie azaliwe: nimekaa sebuleni kama chifu, na chumbani juu ya kichwa changu mama mkwe wangu ana njaa, hawezi kushuka kwa sababu ya ngazi niliyoijenga kwa mikono yangu mwenyewe.

Picha ya ngazi yako nimeipata kwenye simu. Fundi wako anajua kazi, ingawa si kama mimi. Unauliza uifunge kwa mbao au uiache wazi, maana nyumba ni ndogo na sebule itabana. Umekua ukipanda ngazi yetu kila siku, na hujawahi kuuliza kwa nini imefungwa. Basi leo nakueleza.

Nilikuwa seremala wa mabehewa hapa Kamina, kijana mwenye mikono mizuri na kichwa kikubwa. Nyumba yetu ilikuwa sebule chini na chumba kimoja juu, lakini etaji ni etaji, ghorofa hata ikiwa ndogo, na mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Ngazi, eskaliye kama tuiitavyo hapa, niliichonga kwa mukula, ule mti mwekundu, ikapanda katikati ya sebule bila ukuta wa kuificha. Vipandio viliachana, hata mtu aliyeketi aliona nyayo za anayepanda, na wakati mwingine zaidi ya nyayo. Hilo sikulifikiria. Nilifikiria watu watakavyosema wakiingia.

Ngoie alipokaribia kuzaliwa, bibi yako, mama wa mama yako, akaja kutoka Kinkondja na kapu la samaki wakavu, amwuguze binti yake. Mtoto alipofika, wao watatu wakalala juu, mimi nikatandika mkeka chini. Unajua desturi yetu: mtu na mama mkwe wake hawatazamani uso kwa uso, hawali pamoja, na akitokea njiani unampisha. Sasa ashuke vipi juu ya kichwa cha mkwe, kwenye ngazi inayoonyesha kila kitu? Siku za kazi alingoja niende karakana ndipo ashuke. Mama yako alinisihi kwa upole.

"Funga ile eskaliye na mbao, baba. Mama anasikia haya."

"Minyi, mimi seremala, nifunge kazi yangu?" nikamjibu. "Bantu batasema nini?"

Siku ya Mungu ikafika. Baada ya misa wenzangu wa karakana walikuja kunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na kuitazama ngazi, na mimi nikawaonyesha viungo vyake kimoja kimoja. Alikuwepo Papa Kabamba, mzee aliyenifundisha kushika randa. Saa zikapita. Juu, bibi yako hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Ndipo mama yako akaanza kushuka mwenyewe, amebeba beseni la nguo za mtoto, akamchukulie mama yake chakula. Katikati ya ngazi miguu ikamwishia nguvu, akakaa juu ya kipandio, mbele ya wageni wote.

Papa Kabamba akaweka kikombe chini.

"Huyu mwanamuke amezaa juzi. Mama yake iko wapi?"

"Iko juu, papa."

"Juu ya nini hashuki? Sababu gani?"

Nikamsogezea kikombe chake. Akaitazama ngazi kutoka chini hadi juu, polepole, kama alivyokuwa akikagua kazi yangu nilipokuwa mwanafunzi wake.

"Umejengea bageni eskaliye," akasema. "Bantu ba nyumba yako banapita wapi?"

Hakupaza sauti. Heri angenipiga. Na huko juu nikasikia kamba inakazwa: bibi yako alikuwa anafunga mizigo, apande treni ya Bukama kesho yake arudi kwao. Angeondoka, mama yako angebaki peke yake na kichanga, na mimi ningekuwa mkwe aliyemfukuza mama mkwe kwa ngazi. Niliona aibu, mwanangu, aibu iliyonifika mpaka kwenye vidole.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mwenye ngazi ndiye anapaswa kuogopa zaidi. Nilikuwa na mbao nilizoziweka kwa ajili ya kabati la vyombo, nalo la kujionyesha. Nikazichukua siku hiyo hiyo, padri anisamehe. Papa Kabamba akavua koti akashika upande wa pili, na wenzangu wakasaidia. Tukaifunga ngazi yote, tukaacha shubiri moja kule juu ipite mwanga, kisha tukatoboa ukuta wa nyuma wa matofali, pale ngazi inapoanzia, na kuweka mlango wa kutokea uani, jikoni. Sebule ikabana kweli. Viti viwili vilihamia nje na havijarudi hadi leo.

Kabla jua halijazama nikasikia hatua nyuma ya mbao. Zikashuka moja moja, zikasimama usawa wa sikio langu.

"Wafwako, mukwe," sauti yake ikasema. Ndiyo asante yetu.

Alikaa nasi mpaka Ngoie akatambaa. Na alipofariki, nilipofika msibani Kinkondja, kaka zake walinishika mkono wakanionyesha kwa watu: "Njo huyu mukwe alijengeaka dada yetu njia yake." Nimechonga mengi maishani, sikuwahi kusifiwa hivyo. Ngazi ile haionekani na mtu, na hakuna kipandio hata kimoja kinacholia. Najivunia mpaka kesho.

Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Mkeo ana mimba, na mama yake atakuja. Kabla ya kumwuliza fundi, uliza nani atapanda na nani atashuka, na nani atakuwa amekaa chini. Ukishajua, ifunge, mwanangu, na mlango wa uani usiusahau.

Mungu aibariki mikono yako, amfikishe mjukuu wangu salama. Na mama mkwe wako ashuke kwako saa yoyote anayotaka, ameinua kichwa, nawe usikie hatua zake ufurahi.