Yeseri Hatoki Njiani

Watu wa Kasese walimwita Yeseri kichwa ngumu, na mimi Semakula, fundi niliyemtengenezea Landrova miaka tisa, sitawakanusha. Alikuwa amezoea malori ya mgodi kule Kilembe kabla hajaja kuendesha gari la mbuga ya wanyama, upande wa barabara ya Bwera. Akikuta dimbwi njiani, alipita katikati ya tope, abiria wapige kelele wasipige.

"Leo unazunguka kidimbwi," alikuwa akiniambia, "kesho mwingine anazunguka pale ulipozunguka. Mwaka ukiisha barabara iko kama kiwanja ya mpira, na majani imekwisha."

Nilimcheka. Mimi ndiye niliyekwangua tope lile kwenye breki.

Mwezi wa nne mwaka 1974, kapteni mmoja wa jeshi alikuja na wageni wake kutoka Kampala, bwana na bibi na watoto wawili. Nilipanda nyuma na jeki yangu, maana mvua ilikuwa nyingi. Mbele kidogo tukaona sunu dume, yule swala mwekundu wa kwetu, amesimama kwa mbali, pembe zake ndefu zimeinuka. Kapteni akataka wageni wamwone kwa karibu.

"Toka njia! Ingia majani!"

Yeseri akasimamisha gari. Akazima, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati.

"Gari haiingii hapa, afande. Ni wakati ya kuzaa."

Akashuka, akatembea hatua kama kumi, akayapasua majani kwa mikono. Mtoto wa sunu alikuwa amelala pale, masikio yamelala mgongoni. Mama yake akienda malishoni humwacha hivyo, naye hatikisiki, hata gurudumu lije juu yake. Wale watoto wa wageni wakasimama kwenye viti ili wamwone.

"Hiyo ni nyama kidogo tu," kapteni akasema. "Endesha!"

"Siendeshi."

Kapteni akashuka, akampiga kofi. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Mimi nilimpisha: niliinamia jeki yangu kama mtu anayetafuta nati. Niliogopa, na aibu ile ninayo mpaka leo. Yeseri hakusogea.

"Piga, afande. Ukimaliza, mimi niko hapa."

Mgeni mwanamke ndiye aliyemaliza shauri. Alisema watoto wake wameona vya kutosha, anataka kurudi. Tukarudi kwa njia ileile, kapteni amevimba, hasemi neno.

Alisema baadaye, tena ofisini. Kesho yake Tumwesigye, mkubwa wa madereva, alimwita Yeseri akamwekea barua mezani, imekwisha kupigwa taipu. Ilisema: "Mimi dereva Yeseri nilimkosea afande kwa ujeuri wangu, naomba radhi, sitarudia." Asaini, abaki na kazi yake na nyumba ya kazi. Asiposaini, aondoke siku hiyohiyo.

Tumwesigye hakuwa mtu mbaya. Alimbembeleza. "Ni karatasi tu, ndugu yangu. Una watoto watano."

Yeseri akaisoma mara mbili. "Sitarudia?" akauliza. "Nitarudia kesho, ukinipa gari."

Akairudisha kalamu, akatoka.

Njiani ndipo ujeuri ulipomtoka. Nilitembea naye. Hakumwogopa kapteni kama alivyomwogopa Biira, mkewe, mzaliwa wa Bwera. Nyumba ile ya bati na sakafu ya saruji, Biira alikuwa ameisubiri miaka sita. "Nitamwambia nini?" aliniuliza.

Habari ilikuwa imetutangulia. Biira alikuwa mlangoni, sufuria zimefungwa kwenye shuka, godoro limetoka nusu.

"Ulisaini?" akauliza.

"Sikusaini."

"Basi kamata upande ile. Godoro iko muzito."