Maji Niliyoyamwaga Kwenye Sukuma

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ile niliyofunga ndoa wala ile niliyostaafu. Ni asubuhi moja miaka ya tisini ikianza, pale Kitengela, mama mzee mmoja alipobisha mlangoni kwangu akiwa na mtungi wa maji ya mvua mgongoni. Laiti ningerudishiwa asubuhi hiyo. Ningeyapokea yale maji kwa mikono miwili, na leo binti yangu angekuwa anacheka mdomo wazi.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, kijana, mgeni kutoka magharibi, kule ambako mito haikauki na mtu hana sababu ya kuyawazia maji. Mimi na mume wangu tulikuwa tumenunua kiploti, tukajenga vyumba viwili vya mabati. Maji tulichota kwenye boholi ya jirani, kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Yalikuwa maangavu, ukiyaweka kwenye glasi unasoma gazeti upande wa pili. Nami nilikuwa najua kila kitu. Usinicheke, nawe unayekwenda chuoni uko katika umri uleule.

Nilikuwa nimemzaa Nekesa, kifungua mimba wangu. Yule mama mzee sote tulimwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya seng'enge yetu, na wajukuu wake walikuwa wanafunzi wangu. Kwetu ukienda kumwona mzazi unabeba unga, sukari au kuku. Yeye alibeba mtungi wa lita ishirini.

“Takwenya,” alinisalimu. Nikaitikia, “Iko.” Hilo ndilo neno la pekee la Kimaasai nililokuwa nalo.

Akautua mtungi, akamtazama mtoto kwa muda mrefu. “Mwalimu, huyu asikunywe maji ya boholi. Hiyo ni ya ng'ombe na ya kufua nguo. Ya mtoto ni hii ya mvua. Nimekinga kwa mabati ya kanisa.”

“Koko, mimi nachemsha. Wadudu wote wanakufa.”

“Si wadudu,” akasema. “Mimi niko na watoto saba. Wanne nilizaa huko karibu na Namanga, tukikunywa maji ya mto. Meno yao ni nyeupe. Tukahamia hapa, boholi ikachimbwa, nikazaa watatu. Meno yao ni kama chai. Tumbo ni moja, Mwalimu. Baba ni mmoja. Ni maji tu imebadilika.”

Ona maneno hayo yalivyopangwa, mwanangu. Mimi mwenye cheti sijawahi kupanga ushahidi vizuri hivyo. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia kuwa hayo ni mambo ya urithi, na kwamba labda wanawe hawapigi mswaki. Nilimwambia hivyo mama wa watoto saba, mimi niliyekuwa na mmoja wa wiki tatu.

Alipotoka nilichungulia ndani ya mtungi. Nikaona vumbi limetua chini na panzi anaelea juu. Nikayamwaga maji yote kwenye sukuma wiki. Koko alikuwa hajafika kwenye seng'enge. Aligeuka, akaona. Alirudi, akachukua mtungi wake mtupu, akaenda zake. Hakuniletea maji tena, nami, Mungu anisamehe, niliona afadhali.

Basi nikamlea Nekesa kwa sayansi yangu. Kila asubuhi niliinjika sufuria ya maji ya boholi kwenye jiko la makaa, nikaiacha ichemke mpaka maji yapungue nusu, maana niliamini kuwa ukichemsha sana ndivyo unavyopenda sana. Meno yake ya utotoni yalitoka meupe, nikajipongeza. Na alikuwa na kicheko, we! Alicheka mpaka magoti yakamlegea akaketi chini, na majirani wa plotini nao wakaanza kucheka bila kujua kisa.

Alipotimiza miaka saba, meno ya ukubwani yalianza kuchomoza. Yalikuja na mabaka meupe kama chaki, kisha mabaka yakageuka kahawia. Nilimsugulia kwa magadi, nikamsugulia kwa mkaa, mpaka fizi zikatoka damu. Siku moja alirudi kutoka shuleni, nikamtania kama kawaida yetu. Alicheka, lakini kiganja kilipanda kikafunika mdomo. Niliuona mkono ule, mwanangu, na moyo wangu ulijua kabla ya kichwa.

Nilijaza maji kwenye chupa ya soda nikayapeleka maabara Nairobi. Mtaalamu aliyeyapima aliniambia yana floraidi nyingi mno. Ikiwa kidogo hulinda meno, alisema, ikizidi huyaharibu yakiwa bado yanaumbika ndani ya fizi. Kisha akauliza, “Huwa unachemsha?”

“Sana. Mpaka yapungue nusu.”

Alinitazama kwa huruma. “Na wewe ni mwalimu. Ukichemsha maji ya chumvi, chumvi inaenda wapi?”

Haiendi popote. Inabaki. Nilikuwa nalifundisha somo hilo kila mwaka darasani, kwa sufuria na jiko, watoto wakiramba chumvi iliyobaki na kupiga makofi. Jibu nilikuwa naliandika ubaoni kwa mkono wangu, kisha narudi nyumbani kumchemshia Nekesa maji, madhara yakizidi kukolea. Mdharau mwiba guu huota tende, lakini guu lililoota tende halikuwa langu.

Nilimtafuta Koko. Wanawe walikuwa wameuza shamba la Kitengela na kuhamia upande wa Kajiado, kwa hiyo nilienda siku ya mnada wa mifugo, nikamkuta ameketi kando ya mbuzi wake. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Wewe uliambia watoto wetu shuleni: angalia, uliza, kisha useme,” akaniambia. “Mjukuu wangu aliniletea hiyo maneno nyumbani, nikafurahi. Nikasema, huyu Mwalimu ni kama sisi. Mimi nilikuwa nimeangalia hiyo meno miaka mingi. Mbona hukuniuliza?”

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Msichana anacheka?”

Nililia pale katikati ya mbuzi na wanunuzi. Koko alinishika mikono, akanitemea mate ya baraka viganjani, akavifunga vidole vyangu. “Pelekea yeye hii,” akasema. Nilisafiri hadi Kitengela nikiwa nimekunja ngumi.

Tuliweka mifereji ya mabati na tangi. Mdogo wake Nekesa, mvulana, alizaliwa baadaye, akakua kwa maji ya mvua, na meno yake ni meupe pe. Tumbo ni moja. Kila akitabasamu nafurahi, na papo hapo naumia.

Koko alishafariki. Nekesa ni mtu mzima, anafanya kazi Kisumu. Daktari alimfunika meno mawili ya mbele, lakini mkono umezoea kupanda, na katika picha zote midomo imefungwa. Ila kwenye simu, ambako hakuna anayemwona, husahau. Hucheka kile kicheko cha plotini, mpaka nasikia ameketi chini. Nami hufumba macho nikasikiliza, sisemi kitu, nisije nikakikatiza.

Basi wewe unayekwenda chuoni kusomea sayansi, sikia. Sitakuambia uiogope wala uiache, maana chupa ya soda pale maabara ndiyo iliyomwokoa mdogo wake Nekesa. Ninachokuambia ni kwamba sayansi haianzi kwa kujua, inaanza kwa kuuliza, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo hata akiwa na vyeti ukuta mzima. Akikujia mtu asiyejua kusoma akakwambia, “Mimi nimeona,” mpe kiti. Muulize ameona nini, lini, mara ngapi. Kisha nenda ukapime. Na usimwage maji ya mtu kabla hujajua kwa nini ameyabeba mgongoni.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho ya Koko na vipimo vya maabara, akunyweshe maji mema popote utakapotua, na watoto utakaowazaa wacheke mbele za watu, mikono yao ikiwa chini.