Kisu cha Mzee Kalinga

Verediana ukimwambia jambo haliwezekani, ndiyo umempa kazi. Ni jirani yangu hapa Nyololo, nesi mstaafu, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza. Alipomzika mwanawe Dar es Salaam, alikwenda kukaa na watawa wa Kibudha kwenye hekalu lao. Hawakumbadili dini. Walimfundisha kukaa kimya, kufuata pumzi yake, na kuutazama uchungu bila kuukimbia, maana hata uchungu haukai vilevile. Akarudi kuwafundisha wazee wetu. Katekista akanuna. Verediana akamjibu kwamba pumzi kapewa na Mungu yuleyule, na kesho yake akaendelea.

Mzee Kalinga ndiye aliyetutoa jasho. Alikuwa mgema hodari wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mkewe Faustina alipofariki, akaacha kula, akasema waziwazi anataka kumfuata. Mwanawe Liberatus akaficha kisu cha kugemea. Sasa, mwanzi usipokatwa ncha asubuhi na jioni huacha kutoa, na mzee naye akawa anakauka hivyohivyo. Waliokuja kumpa pole wimbo wao ulikuwa mmoja: jikaze, wewe ni mwanaume. Nilikuwa nachukia, jamani. Ajikaze mpaka apasuke?

Verediana akampeleka kwanza hospitali, akaanzishiwa dawa. Kisha akamwomba Liberatus kile kisu, kikalala kwake. Asubuhi na jioni alikuja nacho, wakaenda mianzini pamoja. Mzee akishakata ncha anamrudishia, wanakaa chini, wanasikiliza ulanzi ukidondoka kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi. Pumzi ndani, pumzi nje. Watu walicheka. Yeye Verediana wala hakujali.

Asubuhi moja nilipita pale na kuni zangu, nikawakuta na Liberatus. Mzee akamimina kikombe cha ulanzi mtamu, ambao haujachacha, akanyoosha mkono pembeni alipozoea kukaa mkewe. Mkono ukabaki hewani. Akalia kwa sauti. Liberatus akaruka: baba, jikaze.

"Mwache alie," Verediana akasema. "Kaa naye."

Akakaa. Nami nikatua kuni, nikalia pia, sioni aibu kusema. Mzee alipomaliza, akaunywa ule ulanzi mwenyewe, akampa Verediana kisu chake.

"Jioni uwahi nacho," akasema. "Jana ulichelewa."