Karafuu Kwenye Kinyesi cha Mbweha

Nilitoka Pemba kuja Birmingham kusomea mbweha wa mitaani. Kila asubuhi nilivaa glavu nikaokota kinyesi chao mtaani kwetu Northfield, kisha nikakichambua maabara nijue wanakula nini. Wenzangu walisomea simba. Mimi nilisomea kinyesi, na asiyependa shauri yake.

Siku moja nikakuta karafuu nzima. Wiki iliyofuata, iliki na mdalasini. Profesa wangu akapagawa: huenda mbweha wanajitibu tumbo! Nikaandika kurasa kumi kuhusu mbweha tabibu, mimi, niliyekua nikianika karafuu uani kwetu.

Jumapili nikamkuta shangazi yangu, ninayekaa kwake, kainama mlango wa nyuma na sahani ya pilau. Mbweha kakaa mbele yake kwa adabu, kama mkwe anayesubiri kuongezwa.

"Shangazi! Huyo mnyama wa porini!"

"Kaja mlangoni kwangu, ni mgeni. Nimfukuze na njaa yake?"

Nikamweleza utafiti wangu wote, nafoka. Akanitazama kwa huruma.

"Mwaka mzima unapekua mavi ujue kala nini," akasema, "na mimi nipo hapa jikoni. Si ungeniuliza?"