Toa Mkono Shavuni

Kwetu Tanga mtoto hashiki tama. Ukikaa kizingitini, kiwiko gotini na shavu kiganjani, mama anakuja kimyakimya na kuupiga ule mkono mpaka kichwa kinadondoka. "Toa mkono shavuni! Umefiwa na nani? Subiri nife, ndipo ushike tama." Kisha anarudi jikoni kukuna nazi yake kama hajasema neno. Kushika tama ni kwa mfiwa. Asiyefiwa akishika anajichuria, anauita msiba uje. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyofika Toronto, mwanamke mzima, mdomo ninao na hasira zangu ziko karibu.

Nilikaa mtaa wa Rexdale, ghorofa ya juu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikipenda. Kibarua changu kilikuwa karibu na uwanja wa ndege, kwenye jiko kubwa linalopakia chakula cha abiria. Mie nilikuwa wa vijiko. Uma, kisu, kijiko, chumvi, pakiti ya haradali, vyote navikunja kwenye karatasi laini, naviweka kwenye trei, trei inaondoka kwenda kupanda ndege. Mie sikuweza kwenda popote. Maombi yangu ya ukaazi yalikuwa hayajajibiwa, na wakili aliniambia bila kupepesa macho: ukitoka sasa, usitegemee kurudi. Huku nyuma mama alikuwa ameanza kuumwa. Shauri langu miaka ile lilikuwa hilo moja tu, nipate karatasi nimwone mama angali hai. Kila ndege iliyopita juu ya paa letu niliionea wivu, wallahi.

Mlango wa pili aliishi mama mmoja wa Bukavu. Alinizidi umri, nikamwita dada, naye akaniita mdogo wangu. Kwao alikuwa mwalimu, akifundisha kwa Kifaransa. Hapa alikuwa wa mikate, meza ya pili kutoka yangu. Tulipanda basi moja la barabara ya Kipling kila asubuhi. Kiswahili chake kilinichekesha, na changu kilimchekesha yeye, akasema naongea kama mtangazaji wa redio.

Dada alikuwa na desturi yake. Hakukubali mtu amjibu "salama" halafu basi. "Salama ya wapi?" atakuuliza. "Ya kwenye koo? Ya kwenye miguu? Wafaransa wanasemaka mahali." Na kweli, nilipomsikiliza niliona kila hisia imepangiwa chumba chake mwilini. Hasira kwa Kifaransa ni haradali inayokupanda puani. Mwenye wasiwasi anajitengenezea damu mbaya. Aliyekata tamaa ameshusha mikono. Mwenye hofu miguu yake imegeuka pamba. Na mwenye majonzi moyo wake umekuwa mnene, umevimba mpaka kifua hakimtoshi.

Nami sikukubali kushindwa, ebo! Nikamwambia na sisi tunayo misemo yetu. Roho zetu hukaa juu juu, mioyo tunaipiga konde, na jambo likituuma sana linatukata maini. Ile ya maini aliipenda mno. "Wafaransa, maini yao ni ya divai tu," akasema, tukacheka mpaka dereva akatutazama kwenye kioo. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yetu. Tukikutana mlangoni asubuhi, haulizi umeamkaje. Anauliza, "Leo wapi?" Nami namtajia mahali: leo mgongoni, leo kooni, leo puani kwa sababu ya lifti.

Jumapili ilikuwa siku ya mama. Nakwangua kadi ya simu, nabonyeza tarakimu mpaka kidole kinachoka, na hatimaye nampata. Mama hakuwahi kuniambia kwamba ana hamu nami. Aliniambia jicho linamcheza. "Kope ya juu, mwanangu. Nitamwona mtu." Mtu mwenyewe tunamjua sote wawili. Nauliza, "Mama, miguu je?" Anasema, "Miguu ipo." "Na kifua?" "Kifua nacho kipo. Wewe umekuwa daktari lini?" Mara kadi inakatika, nabaki na simu sikioni, naisikiliza ile milio. Nilikuwa na hamu naye jamani, hamu ya kulala miguuni pake anipekue nywele, hamu hata ya kutukanwa.

Jumatatu dada alipouliza leo wapi, nilimjibu kwa Kifaransa alichonifundisha, kwa ulimi wangu wa Tanga: nina moyo mnene. Hakunisahihisha matamshi, ingawa alikuwa mwalimu. Alisogea tu kwenye kiti cha basi, bega lake likagusa langu, tukaenda hivyo mpaka kazini.

Majira ya baridi mama akalazwa. Kuanzia hapo sikutaka kuuona mkono wa mtu shavuni, wangu wala wa mwenzangu. Dada alizoea kusinzia kwenye basi, shavu kiganjani. Nilimpiga mkono palepale. "Toa, dada! Mama yangu mgonjwa!" Akatoa, akasinzia kichwa kikigonga dirisha.

Siku moja nikaingia kantini, nikamkuta msimamizi wetu, kijana wa watu mpole, ameshika tama anaitazama ratiba ya zamu. Sijui kilichonipata. Nilimwendea moja kwa moja nikauvuta ule mkono. Kichwa kikadondoka, kahawa ikamwagika juu ya ratiba, naye akaruka wima, amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Umefiwa na nani?" nikamfokea, kwa Kiswahili, mbele ya kantini nzima. Lo! Nilidhani kazi imekwisha. Dada akaja mbio, kitambaa cha kichwa kimelegea, akamweleza kwa Kiingereza chake cha kuokota kwamba mama yangu ni mgonjwa sana, na kwetu mkono ukikaa hapo ni mwiko. Kijana akautazama mkono wake, kisha akaniomba radhi yeye! Wakanada ndivyo walivyo, ukiwakanyaga wanakuomba samahani.

Kwenye basi dada alicheka hadi machozi. "Haradali ilikupanda puani, ikamwagikia mtoto wa watu!" Alipomaliza kucheka akaniuliza taratibu, "Na wewe unaamini kabisa mkono unaweza kuua mtu?"

"Siamini," nikasema. "Ila sithubutu."

Nikamsimulia basi, kizingiti cha kwetu, kofi la mama, na maneno yake: subiri nife, ndipo ushike tama. Dada hakucheka tena. Alitazama theluji nje mpaka tukafika kituo chetu.

Theluji iliyeyuka, karatasi hazikuja. Nilijikaza kisabuni, nikakunja vijiko vyangu. Jumapili mama alikuwa hashiki tena simu, anashikiwa na ndugu yangu, nami nasikia pumzi tu. Niliisikiliza mpaka kadi ikaisha.

Halafu ikaja Jumamosi. Tulikuwa tumepanga kwenda sokoni mimi na dada, kutafuta mihogo na majani ya kisamvu. Nimeshavaa koti, simu ikalia. Ndugu yangu akasema, "Umekaa?" Nikasema nimesimama. Akasema, "Kaa kitako." Basi, nikajua. Watamzika alasiri, alasiri ya kwao, ambayo ilikuwa imebakiza muda mfupi tu. Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka miguu imegeuka pamba. Wafaransa hawakusema uongo. Nilijikokota mpaka kwenye sinki, nikafungua maji na kuanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Dada aligonga, akaingia na kikapu chake. "Leo wapi?" akauliza, kama kila siku.

Nilitafuta mahali mwilini pa kumtajia. Nilipita kooni, kifuani, kwenye maini, sikupaona. "Mama," nikasema.

Aliweka kikapu chini. Akafunga bomba, akanifuta mikono kwa kanga iliyoning'inia mlangoni, kidole kimoja kimoja kama ananawisha mtoto. Akanivua koti. Akanikalisha chini kwenye zulia, mgongo ukutani, naye akakaa pembeni yangu. Mikono yangu ilikuwa mapajani, nimeikunja ngumi, naishikilia isiende kokote. Hata pale nilikuwa naogopa, mjinga mie, kana kwamba palibaki kitu cha kuokoa.

Akaukunjua mkono wangu wa kulia, akauinua taratibu, akauweka shavuni kwangu.

"Mama yako alikuambia usubiri," akasema. "Umesubiri, mdogo wangu. Sasa shika."

Shavu likalala kiganjani. Nilikuwa sijawahi kujua kiganja changu mwenyewe kina joto kiasi kile. Dada naye akashika lake, na machozi yakaanza kunitoka, yakapita katikati ya vidole mpaka kwenye kiwiko. Juu ya jengo ndege ikapita, sikuinua kichwa. Nilikuwa natega sikio upande wa jikoni, namsubiri mama aje kimyakimya aupige ule mkono.

Hakuna aliyeupiga.